Meza Haikimbii

Katika chumba kimoja cha kupanga kule Katwe, hapa Kampala, kuna meza nzuri sana. Ni ya mbao, miguu yake inakunjwa, juu imepakwa rangi ya buluu na ubavuni ina chapa ya shirika lililoitoa. Juu yake kuna sufuria tatu, redio na madaftari ya watoto. Mwenye meza ni mama wa watoto wanne, Mkongomani kama mimi, anayeuza vitenge na shanga kwa kutembea. Meza ile ilitengenezwa kwa ajili ya biashara yake. Haijavuka kizingiti cha mlango hata siku moja.

Kazi yangu ni ya vijana. Siku moja nilikwenda kwake kwa sababu ya mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa ameacha shule. Nikaiona ile meza, nikamwuliza kwa nini haitumii kuuzia. Alicheka kwanza. Halafu akasema: "Mwanangu, meza haikimbii."

Kwa ninyi mnaosoma mkiwa Nakivale au Kyaka II, nieleze kidogo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na hilo si jambo dogo, nchi nyingi hazina. Lakini ukichagua kukaa mjini, unajitegemea, hakuna posho ya chakula. Mama asiye na mtaji wa kupanga duka anabeba vitenge begani na kuzunguka. Kuuza barabarani bila leseni ni kosa. Askari wa jiji wakitokea, unashika pembe nne za kitambaa, unafunga, unakimbia. Dakika moja tu, mtaa uliokuwa na akina mama ishirini unabaki mtupu. Sasa mwambie mama huyo akimbie na meza.

Na mimi nilicheka. Lakini hakuwa amemaliza. Aliendelea, safari hii bila kucheka: "Tena miye sikusemaka meza. Nilisemaka fasi. Ni weye ulienda kuandika meza."

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu ni kweli. Ni mimi niliyeandika.

Ilikuwa hivi. Shirika moja lilitaka kusaidia akina mama wanaouza barabarani. Mimi nilimaliza sekondari hapa Kampala, Kiingereza changu kinatosha, kwa hiyo nikaitwa kutafsiri. Tulikaa siku mbili katika ukumbi wa kanisa, akina mama kumi na wawili na wageni wawili, vijana wema, wenye karatasi ndogo za rangi zinazonata ukutani. Walituambia hawakuja kutuletea kitu kilichokwisha kupikwa. Walikuja kubuni pamoja nasi. Nilifurahi kabisa. Mara nyingi nimetafsiri mikutano ambayo mgeni anasema saa mbili na sisi tunapiga makofi. Hii ilikuwa tofauti, tuliulizwa.

Swali la kwanza lilikuwa: mnahitaji nini ili muuze vizuri zaidi? Mama huyu ndiye alijibu wa kwanza: "Tunahitaji fasi ya kuuzia." Fasi, kwa Kiswahili chetu cha Kivu, ni mahali. Nilikuwa nimechoka, harufu ya chakula ilikuwa imeshaingia ukumbini, nikachukua karatasi ya njano nikaandika neno la Kiingereza "stand". Neno hilo lina maana mbili. Linaweza kuwa mahali pa kusimama. Linaweza pia kuwa kimeza cha kupangia bidhaa. Kichwani mwangu mlikuwa na maana ya kwanza. Wageni walisoma ya pili.

Baada ya chakula tulikuta meza imeshachorwa ukutani. Wakauliza: iwe na urefu gani? Iwe na droo au isiwe na droo? Rangi gani? Akina mama walijibu yote. Walichagua buluu. Mwisho kila mtu alipata soda, chapati na nauli ya shilingi elfu kumi, tukatia sahihi, tukapigwa picha. Ripoti niliiona baadaye. Imeandikwa kwamba jamii ilishiriki katika kila hatua.

Na tusidanganyane, ripoti hiyo haisemi uongo. Hilo ndilo linalonisumbua. Akina mama walikuwepo, walisema, walichagua mpaka rangi. Wazee wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Hawa walikuwepo, na lao halikuwepo. Basi swali langu katika maandishi haya ni hili: kumwuliza mtu na kumshirikisha vinaachana wapi? Na ukishachukua neno la mtu, unabaki na deni gani kwake?

Njia rahisi ni kulaumu shirika. Nimeijaribu, hainitoshi. Wale vijana wawili hawakuwa wabaya. Walikuja na bajeti iliyoandikwa kwa ajili ya vifaa, na mahali si kifaa. Mahali ni mazungumzo na mwenye nyumba, ni leseni, ni kwenda ofisi za jiji na kurudi mara tano. Aliyekuja sokoni na kikapu cha samaki hawezi kukuuzia mkaa, hata umwombe kwa heshima zote. Pengine hata ningeandika "mahali" kwa herufi kubwa, bado wangesikia "meza". Kosa lao, kama ni kosa, ni kwamba hawakutuambia mwanzoni: jamani, tuna samaki tu.

Njia ya pili ni kulaumu akina mama. Kwa nini mlikaa kimya mlipoona picha ya meza? Niliwauliza baadaye, mmoja mmoja. Mmoja aliniambia: "Mgeni ametoka mbali, ametukalisha, ametulisha, umwambie hapana?" Tumelelewa hivyo, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwingine alinijibu kwa ufupi zaidi: "Ukikataa meza, kesho hawakuiti tena."

Kuna jambo jingine, na hili nawaambia hasa ndugu zetu wanaofanya kazi katika mashirika, kwa sababu sidhani mnalijua. Sisi ni watu tulioulizwa sana. Mpakani tuliulizwa. Wakati wa kuandikishwa tuliulizwa. Katika mahojiano ya hadhi ya ukimbizi tuliulizwa siku, saa, nani alikuwa mlangoni, alivaa nini. Kila jibu liliweza kufungua mlango au kuufunga. Mtu aliyepita huko amejifunza jambo moja: kabla ya kujibu, angalia swali linataka nini. Kwa hiyo ukimwuliza mama huyo kwa upole kabisa, na karatasi za njano na za kijani, "unahitaji nini?", yeye anatazama macho yako, anatazama ukutani, anaona meza, anasema meza. Hakudanganyi. Anajibu mtihani.

Kwa hiyo ninaamini hivi: "ndiyo" ya mtu asiyeweza kusema "hapana" haijakamilika. Unaweza kuiandika, unaweza kuihesabu, lakini huwezi kuisimamia. Na kama ndivyo, kushiriki hakupimwi kwa mara ngapi mtu alisema. Kunapimwa kwa kitu ambacho angeweza kukizuia.

Nilipoanza kufikiri hivi nilikwenda kusoma, maana nilitaka kujua neno hili la kubuni pamoja limetoka wapi. Nilidhani limezaliwa kwenye mashirika ya misaada. Kumbe moja ya mizizi yake mikubwa iko viwandani, kule Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kompyuta zilikuwa zinaingia kazini, na wafanyakazi waliona zinaletwa na mabosi kwa faida ya mabosi. Chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma kikaungana na mtaalamu wa kompyuta aitwaye Kristen Nygaard. Wafanyakazi walijifunza mashine zile zinafanya nini, ili wakikaa mezani na mwajiri waweze kubishana naye, wakapata makubaliano juu ya namna teknolojia mpya itakavyoingizwa.

Angalia vizuri tofauti. Wale watu walikuwa na chama. Walikuwa na uwezo wa kugoma. Walipoulizwa maoni yao, nyuma ya maoni palikuwa na nguvu. Desturi ile imesafiri mpaka kwetu, karatasi za rangi zimefika, mchezo wa kuchora umefika, lakini ile nguvu ilibaki njiani. Tumepokea ala za muziki bila ngoma yenyewe.

Mwaka 1969, Mmarekani Sherry Arnstein aliandika makala yenye picha ya ngazi ya vipandio vinane. Chini kabisa watu wanachezewa tu, wanaitwa ili waonekane wamekuwepo. Katikati wanapewa habari, wanaulizwa maoni, wanapozwa. Juu kabisa wanashika uamuzi wenyewe. Jambo linaloniuma katika ngazi ile ni kwamba kuulizwa maoni kuko katikati, bado chini ya kugawana uamuzi. Sisi Kampala tukiulizwa maoni tunadhani tumefika darini.

Mtu anaweza kusema: sawa, lakini kitu kizuri kikitengenezwa na mtaalamu mwenye moyo, kuna shida gani kama hakuuliza sana? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndiyo shida. Kulikuwa na pampu ya maji iliyobuniwa Afrika Kusini, inaitwa PlayPump. Ilikuwa bembea ya kuzunguka: watoto wanacheza, wanaizungusha, maji yanapanda kwenye tangi. Wazo tamu, kila anayelisikia anatabasamu. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na wafadhili wengine waliahidi mamilioni ya dola, lengo likiwa pampu 4,000 kufikia mwaka 2010. Lakini watoto hawachezi kila saa ambayo mama anahitaji maji. Watoto wanachoka, wanakwenda shule, mvua inanyesha. Kule Msumbiji walikutwa akina mama watu wazima, wengine wazee, wakiisukuma bembea ya watoto kwa mikono ili wajaze ndoo. Mahali pengine pampu ya zamani ya mkono ilikuwa imeshang'olewa. Mpango ule uliishia njiani. Ninaifikiria aibu ya bibi anayezungusha bembea mbele ya watu ili apate maji ya kupikia. Hakuna aliyekusudia kumdhalilisha. Waliipenda picha ya watoto wanaocheza kuliko walivyomjua yeye.

Wala tusiseme ni tabia ya wazungu tu. Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1968, katika waraka wa Uhuru na Maendeleo, kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, wanajiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika maamuzi yao. Sijaona mtu aliyelieleza vizuri zaidi. Lakini mwaka 1973 ikatangazwa kwamba watu wote wa mashambani Tanzania lazima wahamie vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Mamilioni walihama, na wengine walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa wasirudi. Ni nchi moja na kiongozi mmoja. Simsemi kwa ubaya, ninamheshimu. Ninasema kwamba kulijua neno hakukulindi. Haraka inakuja, tarehe ya mwisho inakuja, na mwenye nguvu anaanza kuona kwamba amewasikiliza watu vya kutosha.

Hii ndiyo sababu sitegemei sana maneno mazuri ya mikutano. Mei 2016 kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa ya misaada walitia sahihi makubaliano yanayoitwa Grand Bargain, na mojawapo ya ahadi zao lilikuwa kile walichokiita mapinduzi ya ushiriki. Hapa Uganda tunachagua viongozi wetu wa wakimbizi makambini, na tangu mwaka 2018 kuna jukwaa la taifa ambako wawakilishi wa wakimbizi wanapeleka maoni yao kwa wale wanaopanga huduma zetu. Ni vizuri, ninataka viendelee. Lakini swali ni lilelile hata kwenye kiti cha taifa: je, anayekaa pale anaweza kuzuia kitu? Na akirudi Nakivale, anaweza kumwambia aliyemtuma maneno yake yalifikia wapi?

Sasa nisikilize upande wa pili, kwa sababu nimefanya kazi upande ule pia na najua wanavyojibu.

Jibu la kwanza: hatuna muda. Mfadhili anataka ripoti mwezi wa sita. Hilo ni kweli, na mimi sina dawa yake. Lakini kama hakuna muda wa kubuni pamoja, usituite kubuni pamoja. Tuite ututangazie. Mama akija kusikiliza tangazo anajua amekuja kusikiliza tangazo, anarudi nyumbani mapema akauze. Kumchukulia siku mbili za biashara, kisha kuita kimya chake ushirika, huko ni kumwibia mara mbili.

Jibu la pili ni gumu zaidi: hiyo jamii ni nani? Hapa nasema ukweli hata kama utawaudhi wangu. Tukiitwa "jamii", wanaokuja ni wale wale. Mchungaji, mwenyekiti, mimi kijana wa Kiingereza, na mama mmoja anayejua kusema. Banyamulenge wanakaa huku, Wabembe kule, Wasomali wa Kisenyi hatukutani nao kabisa. Vijana wanataka uwanja na intaneti, mama zao wanataka ada ya shule. Mkimbizi naye anaweza kumnyamazisha mkimbizi mwenzake. Kwa hiyo "kushirikisha jamii" kunaweza kuwa ni kumpa kipaza sauti yule aliyekuwa nacho tayari. Nakubali. Lakini hiyo si sababu ya kuacha kuuliza. Ni sababu ya kuuliza mpaka kwa yule anayekaa karibu na mlango, na kuuliza ukiwa kwake, si yeye akiwa kwako.

Jibu la tatu: ninyi si mafundi. Tena ni kweli. Hapa nina mfano wa jirani. Katika miaka ya 2000, Moses Kizza Musaazi, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere hapa hapa Kampala, alibuni taulo za hedhi zinazoitwa MakaPads. Zinatengenezwa kwa mafunjo ya kwenye mabwawa yetu pamoja na karatasi zilizotumika, na wakimbizi wa Kyaka II walipata kazi ya kuzitengeneza. Aliyebuni ni mtaalamu, sikatai. Lakini alibuni kitu ambacho mtu wa Kyaka anaweza kukielewa tangu mwanzo mpaka mwisho: mafunjo unayakata, unayaponda, unayakausha juani, na kazi kubwa ni ya mikono. Ujuzi haukubaki Makerere peke yake. Fundi anaruhusiwa kuwa fundi. Asibuni tu kitu kinachotufanya tumngoje yeye kila kikiharibika.

Na kuna mfano ulio karibu zaidi na mimi. Mwaka 2007 vijana Wakongomani hapa Kampala, Robert Hakiza akiwa mmoja wao, walianzisha YARID. Walianza na mpira. Vijana wa makabila yaliyokuwa yanatazamana kwa jicho baya walicheza pamoja, na katika kukaa pamoja ikaonekana shida kubwa ya kila mmoja ni lugha: huwezi kupata kazi Kampala na Kifaransa. Wakaanza kufundishana Kiingereza. Hapakuwa na karatasi za njano. Aliyeona shida ndiye aliyekuwa nayo, na aliyejaribu dawa ndiye aliyeinywa. Kama mpira ungekuwa wazo baya, wangejua Jumamosi ileile, kwa sababu uwanja ungekuwa mtupu.

Nirudi Katwe. Baada ya maneno ya mama yule nilifanya kitu kidogo. Nilirudi na daftari, bila mgeni, bila soda. Niliwaambia akina mama wale: mimi ndiye niliyekosea neno, naomba radhi. Sina pesa, sina mradi. Nataka tu mniambie tena, halafu nitawasomea nilichoandika, na msiponyoosha kidole juu ya kila mstari sitoki hapa. Ilichukua mchana mzima. Mara tatu walinisahihisha. Mara moja walibishana wenyewe kwa wenyewe mpaka nikaogopa.

Walichotaka, ukikisikiliza bila haraka, kilikuwa kidogo kuliko meza kumi na mbili. Walitaka ukuta. Ukuta tu, wa mtu mwenye leseni, wa kutundikia vitenge ili wasikimbie. Tayari walikuwa na likelemba yao, kila wiki wanachanga na mmoja anachukua. Walichokosa ni mtu anayejua Kiganda na Kiingereza wa kwenda nao kuongea na wenye maduka, na kuwasomea karatasi kabla ya kutia sahihi.

Tulizunguka siku nne. Wa kwanza alitufukuza. Wa pili alitaka pesa ya miezi sita. Wa tatu, dada mmoja Mganda mwenye saluni, alikubali akina mama wanne watundike vitenge ndani ya baraza yake, walipe kidogo kila wiki. Alisema wateja wake wakisubiri kusukwa watatazama vitambaa. Alisema kweli.

Sitaki kuwaambia kwamba shida imekwisha. Walikuwa wanne, sasa ni watatu, mmoja hakuweza kulipa wiki mbili mfululizo na akarudi kutembea. Dada wa saluni anaweza kupandisha bei akiamka vibaya. Wengine wanane bado wanakimbia. Nilipeleka habari hii kwa shirika, kwa barua ya ukurasa mmoja, nikaeleza pia kosa langu la kutafsiri. Walinishukuru. Mpaka leo ninangoja kuona kama kuna kilichobadilika, na akina mama nimewaambia hivyohivyo: nimepeleka, sijajibiwa zaidi ya asante. Hata hilo kuwaambia, nimeona, lina uzito kwao. Mama mmoja alisema ni mara ya kwanza mtu aliyemwuliza kitu anarudi kumwambia kwamba bado.

Kwa hiyo deni ninaloliona ni hili, na kwanza ni langu mimi ninayekaa katikati na kalamu. Neno la mtu nikilichukua, nimsomee kwa lugha yake kabla halijatoka chumbani. Kabla sijamwuliza nimwambie ni kitu gani kinaweza kubadilika na kipi kimeshaamuliwa. Aweze kukataa na bado nimwite kesho. Na nirudi, hata kama ninarudi mikono mitupu. Wewe mfanyakazi wa shirika unaweza kuongeza yako. Na wewe unayeulizwa, kule kambini au hapa mjini, una deni lako pia: ukiona ukutani wamechora kitu ambacho hukusema, sema. Najua ni vigumu. Anza na mimi mtafsiri, mimi ni wako, hutanikosea adabu.

Wiki iliyopita nilipita saluni ile. Mama wangu alikuwa amekaa chini ya vitenge vyake, ananyonyesha mtoto wa mteja aliyekuwa anasukwa ampakate, yaani anambembeleza tu, huku anapanga bei na mteja mwingine. Nikamwuliza, kwa mzaha, kama sasa ile meza ailete hapa barazani. Alitazama nafasi iliyobaki, akapima kwa mkono. Akasema haiingii, ni ndefu. Halafu akasema mtoto wake wa kwanza amerudi shule na usiku anasomea pale mezani, kwa hiyo nisiisemee vibaya sana katika maandishi yangu.

Nimemwahidi kwamba nitaandika hilo pia. Nimemsomea mstari huu, amekubali.